Mashua Mbili za Futi Kumi na Nne

Naivasha, 8 Februari 1959

Kwa mjomba wangu Obeid,

Assalam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, kifua kimetulia, na lile vumbi la magadi la ziwa lenu halijaanza kuwaingia watu wa mtaa wenu wa Bondeni machoni. Mimi ni mzima. Nimekonda kidogo, lakini ni kwa ajili ya mapishi yangu mwenyewe, si ugonjwa. Nisalimie jirani Safiyo. Mwambie maandazi ya huku Naivasha ni magumu mno, mtu anaweza kujengea msingi wa nyumba.

Najua ni muda mrefu sijaandika. Na wewe hujaandika. Tuyaache hayo.

Nina jambo la kukuuliza. Yule Mzungu niliyekuwa nikimpigia makasia akivua kwa mshipi ameuza nyumba na kurudi kwao. Kabla hajaenda alinisaidia nikapata leseni ya kuvua kwa nyavu. Leseni ninayo, mashua sina. Karani ameniambia wazi: mwaka ukiisha sijaanza kuvua, leseni atapewa mtu mwingine, maana wanaoitaka ni wengi. Akiba yangu inatosha mashua moja tu, tena iliyokwisha tumika. Nikikosea hapo, sina pa kurudia.

Zipo mbili zinazouzwa. Ya kwanza ni nyeupe, mali ya Mzungu wa ng'ambo ya ziwa anayehama. Ililetwa kwa treni kutoka Mombasa. Ina mkuku mrefu, ule mti wa chini unaokwenda kama uti wa mgongo, na mbavu zake zimepinda vizuri. Rangi yake ni mpya. Ya pili ni ya Wamalwa, mvuvi aliyeileta kwa lori kutoka Kisumu na sasa anarudi kwao kwa sababu mkewe anaumwa. Hiyo haina mkuku. Chini ni bapa, haina rangi, na sura yake mjomba usiulize. Zote ni kama futi kumi na nne. Nyeupe imezidi shubiri moja tu. Bei ni moja.

Wewe ni mtoto wa fundi mashua wa Siyu, kule pwani. Nitanunua ile utakayosema wewe.

Mpwa wako,
Darweshi


Nakuru, 1 Machi 1959

Kwa Darweshi,

Waaleikum salaam. Barua yako ilifika zamani. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa na kazi ya milango ya shule moja huko Lanet, na milango haiwezi kungoja. Mimi ni mzima. Kifua kinakuja na kwenda. Safiyo anakusalimu, na anasema ukitaka maandazi laini uje uyafuate mwenyewe. Hayo ni maneno yake, mimi nayaandika tu.

Nyumba ipo. Paa la jikoni nimelirekebisha. Kitanda kile cha mvule nilichomtengenezea marehemu mke wangu Ladan, kile ambacho watu walikicheka wakasema ni cha kijiji kizima, kimekuwa kikubwa mno kwa mtu mmoja. Nalala upande wangu. Upande wake wa ukutani sijaugusa, na kumbe mgongo hauzoei nafasi hata ikiwa nyingi namna gani.

Sasa mashua. Miaka minne umempigia Mzungu makasia, na bado unaniuliza mimi! Lakini umefanya vema. Kupiga makasia ni kazi ya mikono, na kujua mashua ni jambo jingine kabisa. Marehemu baba yangu alikuwa akigonga ubao kwa kidole kimoja, akifumba macho, akakwambia mti ulikatwa mwezi gani. Mimi nilikua chini ya mashua zake, nikimpelekea misumari. Ladan alichoka kuzisikia habari hizo, lakini wewe ulikuwa huchoki, ulikuwa unakaa pale kwenye maranda unauliza, "Halafu mjomba? Halafu?"

Siwezi kuhukumu kwa maneno matupu. Chukua kisu, kwangua kila mashua sehemu ya chini, pasipo rangi. Funga maranda yake kwenye karatasi mbalimbali, uandike majina, unitumie ndani ya bahasha. Usiyachanganye, wewe na haraka zako.

Mjomba wako,
Obeid


Naivasha, 9 Machi 1959

Kwa mjomba wangu,

Assalam aleikum. Nilipoona mwandiko wako kwenye bahasha nilikaa chini pale pale mlangoni mwa duka tunakopokelea barua, mpaka Mhindi mwenye duka akaniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia hapana, leo hakuna.

Ramadhani iko mlangoni. Hapa Waislamu tu watu wachache, nami nitafuturu peke yangu. Mwezi uliopita ulitimia mwaka wa pili tangu Bi Ladan atutoke. Nilimsomea Fatiha nikiwa nimekaa juu ya jiwe, nikitazama maji. Sikujua kama nina haki ya kuisoma, lakini niliisoma.

Maranda hayo hapo. Karatasi ya gazeti ni ya Wamalwa. Karatasi nyeupe ni ya mashua nyeupe. Sikuchanganya.

Wamalwa alinikuta nikikwangua, akaniuliza kama nimeanza kula mbao. Nilipomweleza akasema, "Wewe Darweshi, kwani hujui hii ziwa? Hapa chini ni matope na mafunjo. Ukiingia na ile ya Mzungu na ule mgongo wake, itakwama, na kiboko akikuja utamwambia ngoja kwanza nisukume?" Nakuandikia maneno yake jinsi alivyoyasema, ili uyapime pamoja na maranda. Pia upepo wa hapa huanza baada ya adhuhuri, na mtu anatakiwa awe amekwisha kutoka majini.

Ukiona ya Wamalwa ndiyo nzuri, niambie bila kuona vibaya. Baba wa mashua ni wewe.

Mpwa wako,
Darweshi


Nakuru, 22 Machi 1959

Kwa Darweshi,

Waaleikum salaam, na saumu njema. Hapa tunafunga salama. Jua ni kali na mvua bado inatuangalia tu kutoka juu ya mlima Menengai. Futari naletewa na Safiyo: uji, viazi, siku nyingine tambi. Ananiwekea mlangoni, anagonga, anaenda zake. Nakula nimetazamana na ukuta.

Maranda yamefika. Nimeyaweka kwenye benchi langu la kazi siku tatu, nimeyatazama asubuhi na jioni.

Ya Wamalwa ni mvule. Mvule ni mti mzuri, sikatai, na ndio niliokuwa nao mikononi maisha yangu yote. Ule wa pili ni mti wa Ulaya, mweupe. Juu ya huo sina mengi ya kusema.

Lakini mashua haichaguliwi kwa mbao peke yake. Huyo Wamalwa ni mtu wa bara anayejua mashua za bara. Mashua bila mkuku si mashua, Darweshi, ni hori la ng'ombe. Upepo ukiipiga ubavuni, itakwenda unakotaka upepo, si unakotaka wewe. Baba yangu hakujenga hata moja isiyo na mkuku, na angemfukuza kiwandani mtu wa kumletea habari hiyo. Mashua zake zilikwenda zikarudi, watu wakimwombea dua. Hilo ndilo nililolijua tangu utoto, na hilo ndilo ninalokuambia.

Nunua nyeupe.

Uwe unaniandikia kila kitu: inavyogeuka, inavyobeba, umekwenda nayo wapi. Nataka kujua.

Mjomba wako,
Obeid


Naivasha, 12 Aprili 1959

Kwa mjomba wangu,

Assalam aleikum, na Idi Mubarak. Siku ya Idi nilivaa kanzu, nikaswali na wale wenzangu wachache, kisha nikatembea mpaka ziwani na kanzu yangu kwa kuwa sikuwa na nyumba ya kwenda kusalimia. Watoto wakanifuata wakidhani mimi ni daktari wa kuchanja, wakaona siye, wakarudi.

Nimenunua nyeupe.

Wamalwa hakukasirika. Alitikisa kichwa tu. Ya kwake imechukuliwa na Micah, kijana mmoja mpole kutoka Molo. Wamalwa aliondoka juzi.

Mpwa wako,
Darweshi


Nakuru, 26 Aprili 1959

Kwa Darweshi, nahodha wetu,

Waaleikum salaam! Barua yako nilimsomea Safiyo, nikamsomea kinyozi, na jana nilimsomea Peterson, gadi wa treni ya mizigo, niliyefanya naye kazi reli kabla sijastaafu. Amesema treni yake ikisimama Naivasha atashuka aione mashua. Mimi hapa sasa naitwa "mwenye mashua." Nawakemea, nawaambia mwenyewe ni mpwa wangu, lakini sikemei sana.

Mvua imeanza. Bondeni matope mpaka magotini. Kifua kimenibana kidogo lakini furaha imekifungua.

Sasa sikiliza. Usiiache majini usiku na mchana. La, nimekosea, iache majini, ubao unatakiwa unywe maji uvimbe, nafasi zijifunge. Kule kwetu ziliachwa majini. Ziba kwa pamba yenye mafuta. Mkuku uutazame kila Ijumaa. Na umpe jina, mashua haikai bila jina. Mimi nilifikiria jina, lakini nakuachia wewe.

Andika upesi. Nataka kusikia siku ya kwanza ilikuwaje. Nimenunua bahasha dazeni nzima.

Mjomba wako,
Obeid


Naivasha, 7 Juni 1959

Kwa mjomba wangu,

Assalam aleikum. Samahani kwa kuchelewa. Mvua zilikuwa nyingi na barabara ya kutoka ziwani ilikatika. Mimi ni mzima, ila nina kidonda mguuni kinachopona.

Mashua ipo. Inapendeza. Watu wakipita wanaisifu. Jina nimeandika kwa rangi ya kijani: Ladan. Nadhani ndilo ulilolifikiria na wewe.

Samaki wapo wengi mwaka huu, hata wale weusi walioletwa na Wazungu. Nakutumia wawili waliokaushwa kwa mkono wa Peterson akipita.

Sina mengi zaidi.

Mpwa wako,
Darweshi


Nakuru, 28 Juni 1959

Kwa Darweshi,

Waaleikum salaam. Samaki hawajafika, lakini Peterson amehamishiwa njia ya Kisumu kwa muda, si kosa lako. Barua yako ilikuwa fupi. Nimeisoma mara nyingi kuliko maneno yake.

Ndilo jina nililolifikiria.

Hukuniambia inavyogeuka. Hukuniambia umetupa nyavu wapi wala umepata nini siku ya kwanza. Kidonda ni cha nini? Niandikie barua ya mtu mzima, ndefu. Huku jioni ni baridi sana mwezi huu. Nikimaliza kazi nakaa karakana mpaka giza, maana nyumbani nikiingia nasikia viatu vyangu mwenyewe.

Nangoja.

Obeid


Nakuru, 16 Agosti 1959

Kwa Darweshi, mwanangu,

Assalam aleikum. Wiki saba nimengoja barua yako na haikuja. Leo sitauliza habari za mvua.

Jana Peterson alirudi kwenye njia yetu. Ameniletea samaki wako, na ameniletea habari. Nilimuuliza mbele ya watu, kwa sauti, "Haya, umeiona mashua yetu?" Akanivuta pembeni, maana ni mtu mwenye heshima. Akasema, "Mzee, hiyo mashua iko juu ya mawe tangu mwezi wa tano. Kuku wa Micah ndio wanalala ndani." Akasema ulikwama kwenye mafunjo na upepo ukaanza, ukashuka kuisukuma ukiwa kwenye maji mpaka kifuani, kiboko akitoa pumzi hapo hapo karibu, na ubao wa chini ukapasuka ukakuchana mguu. Akasema sasa unavua kwenye mashua ya Micah, ile ya Wamalwa, na unalipwa samaki.

Nilirudi nyumbani nikazisoma barua zako zote. Hakuna mahali ulipoandika kwamba umevua. Umeandika inapendeza. Umeandika watu wanaisifu. Hukusema uongo hata kidogo. Mwongo ni mimi.

Darweshi, sikukua chini ya mashua. Niliondoka Siyu nikiwa mgongoni mwa mama yangu. Baba alikuwa fundi, hilo ni kweli, lakini alifariki kabla sijajua kutembea, na mama akamfuata kaka yake aliyekuwa kibarua wa reli. Bahari sijaiona tena. Hadithi nilizokupa nilizisikia kwa wazee wa kwenye landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, nikazichukua. Sijawahi kuketi ndani ya mashua yoyote hata siku moja. Maji naogopa.

Na hilo si baya zaidi. Baya zaidi ni maranda. Mbao nazijua, hapo sina mtu wa kunidanganya. Yale ya mashua nyeupe yalivunjika vidoleni mwangu kama biskuti iliyolowa chai. Mti ulikuwa umeoza chini ya rangi, na niliujua siku ile ile. Ndiyo maana yalikaa siku tatu kwenye benchi. Kama ningekuambia ya Wamalwa, ningekuwa nimesema mtu wa bara anajua mashua na mimi sijui. Nikaona ningebaki nani? Fundi milango, mzee mmoja wa Bondeni, mjane. Wewe ndiye mtu pekee duniani aliyebaki kunidhania zaidi ya hapo. Nikachagua kudhaniwa, nikakutia kwenye maji yenye kiboko.

Na kuna jingine ambalo hatujalitaja miaka miwili. Ladan alipofariki barua yangu ya kukupa habari ilikaa njiani siku tatu. Ulifika siku ya nne, mbio, na vumbi la safari, matanga tumekwisha kuyaondoa. Ulisimama mlangoni. Mimi nilikuwa napiga randa ubao. Nilikuambia, "Matanga yamekwisha," nikaendelea kupiga randa. Sikukukaribisha ndani, kwenye nyumba uliyolelewa. Nilijua barua ndiyo iliyochelewa, kwani mhuri wa posta ya Naivasha wenye tarehe ulikuwa juu yake, nawe ulinionyesha. Nilikuwa na hasira na kifo, na wewe ndiwe uliyekuwa karibu.

Nisamehe kama unaweza. Kama huwezi, niandikie hivyo hivyo, lakini niandikie.

Obeid


Naivasha, 23 Agosti 1959

Kwa mjomba wangu,

Waaleikum salaam. Peterson alinipa barua yako mkononi, na nimeisoma nikiwa nimekaa ndani ya mashua, juu ya mawe, pamoja na kuku.

Nilijua, mjomba. Nilijua tangu nina miaka tisa. Siku ile mlinipeleka kuwaona wale ndege heroe ziwani Nakuru, nawe ukabaki juu kabisa kwenye nyasi ukisema unalinda viatu. Bi Ladan aliniambia, "Mjomba wako aliondoka Siyu akinyonya. Hata akioga hushika ukuta. Usimwambie nimekwambia." Tulicheka mimi na yeye mpaka tukakaa chini. Halafu jioni ulitusimulia habari za mashua za baba yako, na yeye akakuuliza, "Halafu?" mara nyingi kuliko mimi. Alizipenda. Alikuwa anajifanya kuchoka.

Kwa hiyo sikukuuliza kwa sababu ya kujua kwako. Ziwa hili nalijua kuliko chumba changu, na nilijua ya Wamalwa ndiyo mashua tangu siku ya kwanza. Nilikuuliza kwa sababu sikujua namna nyingine ya kuanza barua. Nilikuwa nimeanza nyingi. Nilikuwa naandika "mjomba, sikukusudia kuchelewa," nachana. Naandika "mjomba, niko peke yangu huku," nachana. Mashua niliweza kuiandika mpaka mwisho.

Kisha ukajibu, nunua nyeupe. Nilikaa na barua hiyo siku nyingi. Nikaona nikinunua ya Wamalwa itabidi nikueleze kwa nini, na utajua kwamba sikuamini, na hutaandika tena. Nilikuwa nimeionja barua yako, sikutaka kuikosa. Nikanunua nyeupe. Hilo ni kosa langu, usilibebe lote.

Lakini juu ya mbao nilikuamini, mjomba. Nilisema, basi, mkuku utanisumbua, lakini kama ubao ungekuwa mbaya angeniambia, hapo hawezi kunificha. Hilo la maranda limeniuma. Nakuandikia ukweli kwa sababu umeniandikia ukweli. Limeniuma na bado halijakwisha.

La mlangoni limekwisha. Lilikwisha uliposema habari ya mhuri.

Mashua nimejaribu kuiuza, hakuna mwenye kuitaka hata kwa kuni. Pande za juu bado ni nzima. Chini ndiko kulikooza. Leseni inakwisha Desemba. Micah ni mtu mwema na nitakula. Usihangaike.

Darweshi


Nakuru, 2 Septemba 1959

Kwa Darweshi, mwanangu,

Waaleikum salaam. Barua yako imefika leo asubuhi, na mpaka jioni hii nimefanya kazi, kwa hiyo mwandiko usinicheke, mikono imechoka. Safiyo anakusalimu. Yuko hapa mlangoni, anashika kiuno, anasema nimerukwa na akili.

Usiiuze ile mashua. Usiifanye kuni.

Umesema pande za juu ni nzima. Basi kilichobaki si kazi ya mtu wa Siyu, ni kazi ya seremala, na seremala nipo. Chini yote tutaing'oa, pamoja na mkuku, tuitupe. Tutaweka chini mpya, bapa, kama ile ya Wamalwa. Nimechora kwenye karatasi, nimepima mara nne. Inawezekana. Hili silisemi kwa kudhaniwa. Hili nalijua.

Mbao za kutosha tunazo. Kile kitanda nimekivunja leo. Ni mvule mkavu wa miaka ishirini na mitano, haujaliwa na mdudu, kwa maana nilikuwa naupaka mafuta kila Idi kwa ajili ya Ladan. Ni mbao nane, ndefu kuliko mimi. Nilidhani ningelia nikiutoa msumari wa kwanza. Nililia nilipofika upande wa ukutani, maana ubao wake umelainika pale alipokuwa akiweka mkono kuinuka. Huo nimeutia alama ya chaki. Utakaa katikati, chini ya miguu yako unapopiga makasia.

Usiku huu nalala kwenye mkeka, na sioni vibaya. Ufunguo wa nyumba nimempa Safiyo. Nimemwambia ni kwa miezi mitatu. Aliupokea, akaenda kunifungia maandazi ya njiani. Yako yamo.

Jumamosi nitapanda treni ya asubuhi. Peterson ameniahidi nafasi ya mbao kwenye behewa la nyuma. Njoo stesheni na mkokoteni, na Micah akiweza aje pia, kwani mvule ni mzito na mimi si kijana. Ukiniona nimesimama mbali na ziwa, usinivute. Nitasogea kidogo kidogo. Siku mashua ikielea utanishika mkono niingie, na usimwambie mtu kama nimefumba macho.

Lile la maranda najua halijakwisha. Silikimbii. Nakuja nalo.

Nina ombi moja tu. Mimi nilikuona mlangoni pangu na vumbi la safari, nikakuambia matanga yamekwisha. Jumamosi nitashuka kwenye treni nikiwa na vumbi la safari. Wewe niambie karibu.

Mjomba wako,
Obeid